LC si mtu mmoja, na kujitolea si kutolewa

Mama mmoja aliyerudi nyumbani kutoka Juba alikuja jioni kunywa chai kwenye kibanda ninachopenda kukaa hapa Namatala. Mkononi alishika bahasha ya kaki, na uso wake ulionyesha amechoka. Nikamuuliza, "Mama, vipi leo?" Akajibu, "Mzee, nimekwenda kwa LC mara tatu. Mara ya kwanza LC amelala. Mara ya pili LC amekwenda mazishini. Leo nimemkuta LC, lakini LC anataka ya soda."

Sisi tuliokuwa pale tulicheka, kisha kila mtu akarudi kwenye kikombe chake. Hakuna aliyeshangaa. Tumezoea kwamba LC hulala, LC huenda mazishini na LC hunywa soda. Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza: hivi LC ni nani hasa? Na kama LC ni baraza, baraza linalalaje?

Wiki hii, msomaji, naomba tuzungumze habari ya maneno. Najua wapo watakaosema kwamba maneno matupu hayavunji mfupa, na kwamba mfanyabiashara wa mpakani ana shida kubwa kuliko sarufi. Lakini mimi mwenyewe nilirudi kutoka Juba baada ya vita vya Desemba 2013, na tangu hapo riziki yangu inapita Malaba, Busia na Lwakhakha. Nimejifunza jambo moja: neno ni kama noti. Upande huu lina thamani yake, upande ule lina thamani nyingine, na asiyejua bei ya kubadilisha ndiye anayepunjwa. Sisi tunaorudi nyumbani baada ya miaka mingi, na sisi tunaovuka mpaka kila wiki, tunapunjwa sana katika maneno mawili: baraza na kujitolea.

Tuanze na baraza. Ukienda Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja utaona baraza kwa macho yako. Ni kiti cha mawe au saruji kilichojengwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba, kikitazama njia. Mwenye nyumba hukaa hapo na jirani zake, na mpita njia hukaribishwa. Pale husemwa habari za bei, za ndoa na za ugomvi wa mipaka ya viwanja. Baadaye jina la kiti likawa jina la watu wanaokaa pamoja wakashauriana. Kwa hiyo neno lenyewe linatuambia mambo mawili: baraza liko nje, mahali pa kuonekana, na baraza ni la watu zaidi ya mmoja. Mtu anayekaa peke yake kwenye kiti cha mawe hajawa baraza. Huyo anaota jua tu.

Sasa tazama sheria ya nchi yetu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Uganda ya mwaka 1997 inasema kwamba baraza la kijiji, yaani LC1, ni wakazi wote wa kijiji hicho wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wote. Kwa sisi wa mjini, kijiji maana yake ni seli. Wale tunaowaona na daftari na mhuri ni kamati tendaji ya baraza hilo. Wako kumi: mwenyekiti, makamu wake, katibu mkuu, makatibu wa usalama, fedha, habari na uzalishaji, pamoja na wawakilishi wa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kamati hiyo inatumwa na baraza. Haijawa baraza.

Maana yake ni nini kwa yule mama wa Juba? Ni kwamba kama anaishi Namatala na ana miaka 18, yeye tayari yumo katika LC. Hakuwa anakwenda kuomba kwa LC kama mgeni anayebisha mlango. Alikuwa anakwenda kumwomba mtumwa wa baraza lake mwenyewe afanye kazi aliyotumwa. Huo ndio ukweli wa sheria. Ukweli wa barabarani unaujua wewe na mimi.

Wenzetu Watanzania wana bahati katika jambo hili, kwa kuwa lugha ya sheria yao imetenganisha vitu viwili. Kijijini kwao kuna Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wakazi wote watu wazima, na kuna Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Mtu akisema halmashauri inakula fedha, kila mmoja anajua ni nani anayetajwa, na anajua pia kwamba kuna mkutano mkuu wa kuwauliza. Sisi tunatumia herufi mbili na tarakimu moja kwa vyote. Wakazi wote ni LC1, kamati ni LC1, mwenyekiti ni LC1, na siku hizi hata mhuri umekuwa LC1. Mtu akiniambia "leta LC", ananidai karatasi yenye mhuri. Baraza la mamia ya watu limenywea likaingia ndani ya kopo la wino.

Jambo hili lina historia. Watu wa Mbale na watu wa Jinja tunashiriki bwana mmoja katika historia hiyo, Semei Kakungulu. Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuja huku mashariki na askari wake, akajenga makao Mbale, na akaleta mpango wa utawala wa Buganda pamoja na maneno yake: saza, gombolola, muluka. Kuanzia 1906 hadi 1913 Waingereza walimweka Jinja kuwa rais wa Lukiiko ya Busoga. Lukiiko ni neno la Kiganda lenye maana ya baraza. Lakini fikiria jinsi lilivyofika kwa Mgisu au Msoga wa wakati ule: baraza lilikuja pamoja na bunduki, kodi na mtu kutoka mbali. Tangu mwanzo watu wetu walifundishwa kwamba baraza ni mahali unapoitwa ukasikilize amri.

Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipomwondoa Idi Amin, yalikuja mayumba kumi, mpango uliofanana na ule wa mashina ya nyumba kumi kumi ambao TANU ilianzisha Tanzania katika miaka ya 1960. Wazee wanakumbuka kwamba mkuu wa nyumba kumi ndiye aliyegawa sukari na sabuni wakati wa uhaba, na katika utawala wa pili wa Obote ndiye aliyejua nani ni wa chama na nani si wa chama. Kwa hiyo hata pale jirani akawa wa kuogopwa.

Kisha serikali ya NRM ilipoingia mwaka 1986 yakaja mabaraza ya upinzani, RC, yaliyowekwa katika sheria mwaka 1987. Nataka niseme haki: RC ya miaka ile ya kwanza ilikuwa baraza kweli. Watu walikaa chini ya mwembe, wakamsimamisha askari aliyeiba kuku wakamuuliza mbele ya wote. Wanawake waliozoea kukaa jikoni mikutano ikiendelea waliingia kwenye kamati. Katiba ya 1995 ilibadilisha jina likawa LC, na miaka michache baadaye mambo yakalala. Uchaguzi wa LC1 ulifanyika mwaka 2001. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikasema mfumo ule haukubaliani na siasa za vyama vingi. Basi uchaguzi uliofuata ulikuja tarehe 10 Julai 2018, watu wakipanga mstari nyuma ya wagombea. Hesabu mwenyewe: ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uchaguzi mmoja alikuwa karibu kupata haki ya kupiga kura uchaguzi mwingine ulipofika. Muhula wa wale wa 2018 nao ulipokwisha mwaka 2023, haukuitishwa uchaguzi, ukaongezwa muda.

Katika miaka 17 mtu anazoea kiti, na kiti kinamzoea mtu. Neno lenyewe mwenyekiti lina mtego ndani yake, kwa sababu "mwenye" ni mtu anayemiliki. Mwenye duka ana duka lake, mwenye nyumba ana nyumba yake, na mwenyekiti naye anaanza kudhani ana kiti chake. Napenda zaidi neno mjumbe. Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Ukimwita mtu mjumbe, swali la kwanza ni nani aliyemtuma, na swali la pili ni ujumbe uko wapi. Laiti tungewaita wote kumi wajumbe, labda tungekumbuka kuwauliza.

Ukivuka mpaka, mkanganyiko unaongezeka. Upande wa Kenya, baraza ni la chifu, na chifu ni mtumishi wa serikali anayepewa mshahara na sare. Akiitisha baraza, watu huenda kusikiliza habari za mifugo, za shule na za pombe haramu. Wanaweza kuuliza maswali, lakini hawapigi kura kumwondoa chifu. Mwaka 2013 Kenya ikaongeza Nyumba Kumi kwa ajili ya usalama, na wazee wake wanatakiwa wajitolee. Upande wetu, neno baraza lilipewa kazi rasmi mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mikutano inayoitwa Baraza, ambapo wakazi wa kata wanaelezwa fedha za umma zimetumikaje na wanaruhusiwa kuwauliza maofisa. Kwa hiyo neno ni moja lakini shughuli ni mbili: ng'ambo unaitwa usikilize, huku unaitwa uulize. Mfanyabiashara aliyezoea baraza la Kenya akija Mbale atakaa kimya mahali alipopaswa kusema.

Na posho je? Hili lilituchekesha siku moja Busia. Mfanyabiashara kutoka Mwanza alikuwa analalamika kwamba madiwani wa kwao wanapenda posho kuliko wananchi. Kijana wetu wa kubeba mizigo akauliza kwa mshangao, "Kwani kwenu hamna mchele?" Kwetu posho ni ugali, kwa Mtanzania posho ni fedha ya kikao. Lakini maana hizi mbili ni ndugu. Zamani posho ilikuwa mgao wa chakula aliopewa mpagazi au kibarua ili aweze kufanya kazi. Kwetu ikabaki kuwa unga, kwao ikawa noti. Hiyo ni kumbukumbu nzuri tunapoingia katika neno la pili, maana watu wa kale walielewa kwamba hata anayetumikishwa lazima ale.

Neno la pili ni kujitolea. Tulitazame jinsi lilivyojengwa. Shina lake ni kutoa. Ukitoa kwa ajili ya mtu, unamtolea. Ukiweka "ji" mbele, unajitoa wewe mwenyewe kwa ajili ya jambo. Ile "ji" ndogo ndiyo moyo wa neno. Naweza kujitolea mimi, unaweza kujitolea wewe, lakini siwezi kukujitolea wewe. Kiswahili hakina nafasi ya jambo hilo. Ukimtoa mwenzako bila ridhaa yake, neno linabadilika: huyo ametolewa. Na tunajua vitu gani hutolewa. Mbuzi hutolewa sadaka.

Wazazi wetu waliujua utofauti huu kwa migongo yao. Wakati wa Waingereza, Uganda ilikuwa na kasanvu, kazi ya lazima kwa serikali iliyolipwa ujira mdogo, mpaka ilipofutwa mwaka 1922. Ilikuwapo pia luwalo, kazi ya siku 30 kwa mwaka bila malipo, na mwenye fedha aliweza kulipa badala ya kushika jembe. Hakuna mzee aliyeita luwalo kujitolea. Lakini pembeni yake kulikuwa na desturi nyingine ambayo Waganda huita bulungi bwansi, yaani uzuri wa nchi. Ngoma inalia, watu wanatoka kusafisha kisima na kufyeka njia, kwa sababu maji yale na njia ile ni vyao.

Majirani zetu nao wana historia zao. Wakongo wanaouza vitenge katika masoko yetu watakuambia habari za salongo ya Mobutu, kazi ya umma ya kila wiki iliyohimizwa kwa nyimbo na kwa askari. Wanyarwanda wana umuganda Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na sheria yao ya mwaka 2007 inaweka faini kwa asiyefika bila sababu. Umuganda ni wa lazima, na unasema wazi kwamba ni wa lazima. Unaweza kuupenda au kuuchukia, lakini haukudanganyi kwa jina. Wakenya wana harambee, neno ambalo Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa jipya mwaka 1963. Harambee ilijenga shule nyingi sana. Lakini baadaye watu wakawa wanakatwa fedha kwa orodha ya chifu, na wakubwa wakawa wanashindana kutoa mbele ya kamera, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikaweka mipaka kwa maofisa wanaochangisha.

Unaona njia inavyokwenda, msomaji. Jambo linaanza kwa hiari, linapata jina zuri, kisha mwenye cheo analichukua jina akaliweka juu ya jambo la lazima.

Nirudi hapa Namatala. Usiku wa Jumamosi, tarehe 30 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha milimani, na mito ya Mbale ikafurika. Watu zaidi ya 20 walikufa katika wilaya hii, na nyumba nyingi zikajaa tope. Asubuhi yake niliona kujitolea kwa macho yangu. Mkarimojong alimbebea Mgwere godoro. Vijana wa boda boda walivusha wazee bila kuuliza nauli. Mama muuza malwa alipika uji katika pipa lake na kugawa. Hakuna aliyewaita, na hakuna aliyeandika jina lao.

Miezi kadhaa baadaye tukaitwa tena. Safari hii walikuja watu wa mradi mmoja ambao sitautaja. Wakasema mitaro izibuliwe, nasi tujitolee. Orodha ya majina ikapita nyumba kwa nyumba. Asiyefika Jumamosi alipe shilingi 5,000. Mimi nilikuwa na mzigo wa vitunguu unaonisubiri Lwakhakha, nikalipa. Sikupewa risiti. Waliofika walichimba kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana bila mabuti ya mpira, katika maji unayoyajua, wakapewa chupa moja ya maji kila mtu. Halafu tukasikia kwamba kazi ile ilikuwa na fungu lake la fedha. Kama ni kweli au si kweli sijui hadi leo, kwa sababu hakuna kikao kilichoitwa tuelezwe. Lakini ninachojua ni hiki: mvua iliyofuata ilipoziba mtaro tena, hakuna aliyetoka na jembe. Kila mtu alisema, "Waje wenye mradi." Neno kujitolea lilikuwa limeuawa, na mtaro ukabaki umeziba.

Hiyo ndiyo hasara ninayotaka tuione. Ukimlazimisha mtu ukaita kujitolea, umeichukua kazi yake ya siku moja na umeharibu hiari yake ya miaka.

Hali ni hiyo hiyo kwa wahudumu wa afya wa vijijini, tunaowaita VHT. Mpango wao ulianza mwaka 2001. Ndio wanaogonga mlango kuuliza kama mtoto amechanjwa, ndio wanaojua nani ana kikohozi kisichoisha. Wamechaguliwa na majirani, na wameambiwa wanajitolea. Lakini mtu akidaiwa ripoti kila mwezi, akiitwa semina kwa tarehe aliyopangiwa, na akigombezwa asipofika, hiyo ni kazi. Kenya walilitazama jambo hili, na mwaka 2023 wakawatambua wahudumu wao wa jamii wapatao 100,000 kwa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Si utajiri. Lakini ni kukiri kwamba miguu inayotembea inakula. Nasi tunawakumbuka wale vijana wa kuzuia uhalifu waliofunzwa kwa maelfu kabla ya uchaguzi wa 2016. Waliambiwa wanajitolea, wengi wao wakasubiri ajira ambayo hawakuiona.

Sasa nimsikilize na mwenyekiti, maana haki ni kusikia pande zote. Nilimfuata mmoja, nikamwambia, "Chemani, mbona mnataka ya soda?" Akanikaribisha kiti, akaniambia, "Ndugu yangu, wewe unajua tunapewa kiasi gani?" Ninajua. Kwa miaka mingi kilichotajwa kwa mwenyekiti wa LC1 ni shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Hiyo hainunui hata chai ya wiki moja ya wageni wanaomjia. Karatasi ni yake, wino ni wake, simu ya kuita polisi usiku wa manane ni salio lake. Watu wakigombana ndiye anayeamshwa. Akasema, "Mnasema tunajitolea. Basi njooni mjitolee ninyi."

Hoja yake ina uzito, na mimi sikuwa na jibu la haraka. Lakini nilipofikiri niliona kwamba yeye pia ametolewa. Serikali imempa kazi ya kutwa ikampa jina la hiari, na yeye naye anaihamishia gharama kwa mama wa Juba. Mama wa Juba hana wa kumhamishia. Hivyo ndivyo neno moja bovu linavyoteremka ngazi, kila mtu akilisukuma kwa aliye chini yake, mpaka linafika kwa asiye na jina katika daftari.

Na sisi wafanyabiashara, je, tuna mikono safi? Nitasema langu. Tangu nilipopanga mstari Julai 2018, nimehudhuria vikao vya seli yetu mara mbili tu. Kila nikiitwa, niko Malaba, au ninapanga mzigo, au nimechoka. Nikihitaji barua ya benki, namtafuta mwenyekiti usiku na kumpa chochote ili nisikose gari la alfajiri. Mimi ndiye niliyemfundisha bei. Yule mama wa Juba amekuta soko ambalo sisi tumelifungua. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini mbiu ikilia sisi tunaongeza sauti ya redio.

Basi nini kifanyike? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha kutoka Kampala.

La kwanza, tuache kumwita mtu LC. Mwenyekiti aitwe mwenyekiti, katibu aitwe katibu, na LC liwe jina letu sote. Linaonekana dogo, lakini mtoto akikua akijua kwamba LC ni sisi, hataomba ruhusa ya kuuliza.

La pili, barua iwe na bei moja au isiwe na bei. Kama kamati inahitaji fedha za karatasi na wino, iitishe baraza, wakazi wakubaliane ada, iandikwe ukutani mahali pa wazi, na kila alipaye apewe risiti. Ada iliyokubaliwa hadharani si aibu. Kinachoumiza ni ile "ya soda" inayopanda kwa mgeni, kwa mjane na kwa mwenye haraka. Na asiye na kitu kabisa apewe barua yake, kwa kuwa barua inasema tu kwamba anaishi hapa, na kuishi kwake hakubadiliki kwa sababu hana fedha.

La tatu, mtu akiitwa kujitolea aambiwe mambo matatu kabla hajaitika: kazi ni ya muda gani, atapewa nini cha kumlinda, kama mabuti na glavu, na kama kuna fedha zozote zilizotengwa kwa kazi hiyo. Na awe huru kukataa bila faini. Kama jambo ni la lazima kwa usalama wetu sote, kama mitaro kabla ya mvua, baraza lipige kura kuwa ni la lazima, liitwe zamu, na kila mtu awe na zamu yake, pamoja na sisi wa mpakani na pamoja na mwenye nyumba za kupangisha anayeishi mjini. Zamu ina heshima yake. Kujitolea kuna heshima yake. Tusivichanganye.

La nne ni letu sisi tunaosafiri na tunaorudi. Tuombe vikao viwekwe siku na saa ambazo tupo, hata kama ni Jumapili jioni, kisha tufike. Na kila anayerudi nyumbani, awe ametoka Juba, Nairobi au Muscat, aandikwe katika daftari la wakazi wiki ya kwanza, kabla hajahitaji barua yoyote. Mtu akijulikana wakati hana shida, hatauziwa utambulisho siku ya shida.

Nilimweleza yule mama habari hii tulipokutana tena kwenye kibanda. Nikamwambia, "Mama, kwa sheria, wewe mwenyewe ni LC." Alinitazama kwa muda, akaweka kikombe chini, akasema, "Sawa mzee. Kama mimi ni LC, mbona mimi sijanunuliwa soda?"

Tulimnunulia. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyeweza kulijibu: kikao kijacho ni lini? Hilo ndilo swali ninalokuachia wewe pia, msomaji, popote ulipo kati ya Jinja na Lwakhakha. Leo jioni muulize jirani yako. Kama naye hajui, mwende wawili kwa mwenyekiti mkamuulize, bila soda.